Soksi za Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, umeinamia saa mbovu za watu huku umebinua mdomo kama kawaida yako. Mama mwambie kikohozi chake kinaninyima raha, anywe dawa aache ubishi. Huku tunapumua. Mjukuu wako Chiriku anakusalimu. Mdomo haujafungwa tangu asubuhi.

Malengelenge yake ulishayasikia. Usilolijua ni kwamba wifi yangu aliyaona akimwogesha, akatangaza kuwa namuunguza mtoto kwa maji ya moto. Mama mkwe akaunga mkono. Wakataka Chiriku akalelewe kwao. Mume wangu, masikini, akashindwa kuchagua upande. Nikawaambia mtoto haondoki hapa, labda wanibebe na mimi.

Nikampeleka hospitali. Muuguzi wa kwanza, kwa nia njema kabisa, akambandika plasta. Ilipobanduliwa ikaondoka na ngozi. Chiriku akalia, nikalia, hata muuguzi mwenyewe akalia. Ndipo tukapelekwa kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole lakini hacheki ovyo. Akachukua kipande kidogo cha ngozi ya mtoto na damu yetu sote wawili, vikapelekwa maabara.

Majibu yametoka, Baba. Ni ugonjwa wa kurithi, walio nao ni wachache sana. Tabaka za ngozi hazishikani vizuri, basi msuguano kidogo tu au joto, lengelenge hilo. Hauambukizi. Dawa ya kuuondoa haipo, ila kuishi nao kunawezekana, na mimi nimeshaanza. Lengelenge nalitoboa kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ya juu naiacha ifunike kidonda. Plasta marufuku. Simnyanyui tena kwa kumshika makwapani. Nguo zake nazigeuza ndani nje ili mishono isimkwaruze. Majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Waache wadhani.

Wifi naye anadai eti daktari nimempanga. Jumamosi ukoo wao unakaa hapa kwangu kuamua Chiriku abaki au aende.

Sasa Baba, usinikasirikie. Daktari aliniuliza nani katika familia hutokwa malengelenge ya miguu wakati wa joto. Nikamtaja wewe. Nyumba nzima tulikutania kwamba ulizaliwa na soksi, na shangazi akakuita mvivu ulipoacha kubeba mizigo ukaenda kukaa na saa. Lakini nilikuwa mdogo nilipochungulia bafuni nikaziona nyayo zako, na ulivyokuwa umeuma taulo. Sikumwambia mtu.

Na mimi ninazo nyayo hizo, Baba, ila zangu ni nafuu. Mume wangu hajui. Miaka yote nalala na soksi nikisingizia baridi. Yametoka kwako yakapita kwangu, yakamfikia Chiriku. Sikulaumu hata chembe.

Naomba uje Jumamosi, uketi sebuleni mbele ya wakwe zangu, uvue soksi. Najua ninachokuomba. Hutakuwa peke yako: mimi nitavua kwanza.

Nisalimie Mama, na shangazi pia ukiweza kumvumilia. Chiriku anasema ukifika usimnyanyue ovyo, atakufundisha mwenyewe.

Ni mimi bintiyo, mwenye kichwa kigumu kama chako,
Mama Chiriku