Kamba za Mzee Lushinge

Jumatatu, 7 Agosti 1978
Nimeogesha wazee tisa. Maji baridi, kuni zimekwisha tena. Mzee Lushinge amelowa mkojo, mikono imefungwa kitandani kwa kamba ya katani. Amri ya Msimamizi wa makao haya ya wazee, kwa sababu mzee hutoka na jembe akachimba popote, hata mlangoni. Ujana wake wote alichimba dhahabu Nyarugusu. Akili zimemtoka, mikono haijasahau. Nilimfungua, nikamwogesha, nikamfunga tena. Nafanya hivyo tangu Jumamosi. Naona aibu.

Jumatano, 9 Agosti
Vifundo vya mikono ya mzee vina usaha. Nimevisafisha kwa maji ya chumvi. Tangu asubuhi sikumfunga. Jiko lilihitaji shimo la taka, nikampa jembe. Alichimba hadi saa sita, taratibu, akipima kingo kwa kiganja. Akala ugali wote. Hakupiga kelele hata mara moja.

Alhamisi, 10 Agosti
Msimamizi amemfunga mwenyewe. Akaniambia mzee akipotea nitajibu mimi. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaikata kamba mbele yake.
"Nitajibu," nikamwambia.
Barua ya onyo ilifika kabla ya chakula cha mchana. Nimeitia sahihi. Sijutii.

Jumamosi, 12 Agosti
Amepotea. Nilikuwa namgeuza Bibi Nyanzala kitandani. Niliporudi uani, jembe lipo, yeye hayupo. Lango halina komeo, nimeliomba tangu masika. Nikakimbia peku hadi mtaa wa Nyasubi. Nikamkuta barazani kwa Mhindi muuza vitambaa. Watu walikuwa wamemzunguka, wanamwita mchawi kwa sababu ya macho yake mekundu. Wengine walishaokota mawe. Mwenye duka alisimama mbele yake, akawaambia huyu ni mgeni wangu, akamwagizia chai. Watu walipotawanyika, nikamshika mzee mkono.
Msimamizi alitabasamu tuliporudi. Kosa ni langu, nimekiri. Lakini kamba, hapana. Lango nimelifunga kwa waya.

Jumatatu, 14 Agosti
Afisa ustawi amekuja kutoka wilayani. Mzee kavalishwa shati la mikono mirefu, joto lote hili. Nilijua kwa nini. Nikaikunja mikono ya shati mbele ya wote. Afisa akauliza nani alimfunga.
"Msimamizi aliamuru," nikasema. "Mimi nilifunga. Siku nne."
Kichwa sikukiinamisha.

Ijumaa, 18 Agosti
Barua mbili kutoka wilayani. Ya kwanza: marufuku kumfunga mzee yeyote, na fundi wa lango anakuja. Ya pili: nahamishiwa zahanati huko Ushetu, mwezi ujao. Msimamizi anabaki. Nimelia chooni kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi wodini. Nimewafundisha wenzangu wawili: asubuhi wampe kazi ya kuchimba, mmoja akae naye, wamsemeshe kwa Kisukuma maana Kiswahili kimemtoka. Wakimfunga nitasikia. Nikisikia, narudi, hata kwa miguu.

Jumapili, 20 Agosti
Leo si zamu yangu, nimekwenda tu. Tulikaa nje, ukutani, asubuhi. Mzee akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba. Akasema anamfahamu, mtu mwema. Hamfahamu, hawakuonana kamwe. Akauliza tena. Aliuliza mara nne, nikajibu mara nne. Kisha jua likamfikia miguuni, akasinzia.