Aliyelala Ndani ya Kaseti

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Asubuhi ukungu mwepesi, kisha jua la uvivu. Udongo wa Mvara, mtaa wetu hapa Arua, bado umelewa maji ya jana.

Nimefunga duka mapema, nikaondoa mashine ya fotokopi mezani na kuweka televisheni ya kichogo. Kundi letu la gemu za zamani hukutana kwangu kwa sababu moja tu: soketi zangu zinafanya kazi.

Dramadri ameleta sehemu mpya ya gemu anayoitengeneza mwenyewe, kwa mashine zilezile za kaseti tulizozikuta utotoni. Inaitwa Njia ya Koboko. Unabeba chakula chini ya tabaga, lile kawa letu la kusuka, kutoka Arua hadi Koboko, na kisipoe. Picha nimechora mimi kwenye karatasi ya hesabu, mraba kwa mraba, rangi tatu na weusi. Kama kusuka tabaga lenyewe – ukikosea duara moja, ua zima linapinda.

Mwalimu Anguyo, ambaye anakusanya kaseti za zamani na kuzipanga kwenye kabati la vioo, hakufurahi. Alimwambia Dramadri: "Kila gemu yako mpya inakula kaseti moja ya zamani. Wewe iko kama mchwa."

Dramadri hakuinua kichwa. "Na wewe, mwalimu, iko mochwari. Kaseti inaingia, haitoki."

Tulicheka sote. Hata mwalimu, baada ya kufuta miwani.

Wote wawili wana haki, nadhani. Kabla ya Dramadri kuanza, mashine hizi zilikuwa kichakani na kwenye mapipa. Sasa watu wanazitafuta, wanazifuta vumbi, na mwalimu mwenyewe amepata nyingi kwa njia hiyo. Lakini ni kweli pia: ganda na ubao wa ndani havitengenezwi tena. Lazima vitoke kwa mwingine.

Kabla ya kuondoka Dramadri alisema kimebaki kitu kimoja. Anahitaji ubao wenye betri, ili mchezaji ahifadhi safari yake na kuendelea kesho. Ametafuta soko la Koboko, amevuka mpaka hadi Ariwara, Kongo. Hakuna.

Nikaanza kukunja waya. Ninao mmoja.

Jumatatu, 4 Agosti

Mawingu mazito, hayakunyesha.

Wateja wachache. Nimekaa nikiwaza juu ya kaka yangu Nasur na kibanda chake cha gemu kule Koboko. Mabati, pazia la gunia, mashine mbili. Na kaseti ile ya manjano iliyotoka Juba kwa mfanyabiashara fulani. Gemu ya safari, yote kwa maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja.

Kwa hiyo Nasur alitusomea. Mzee wa kijijini akisema neno, Nasur anasoma kwa sauti nzito: "Huyu anauliza, umekunywa chai?" Mlinzi wa daraja: "Anasema, toa kitambulisho." Mfalme: "Anasema, mbuzi yangu imepotea, na mimi najua ni nyinyi." Watu wazima walikuwa wakibishana juu ya yule mbuzi njia nzima hadi nyumbani.

Jina la mchezaji alilichagua kwa umbo la herufi. Moja kama jembe, moja kama kiti kilichovunjika, moja kama mtu anayeinama kuosha miguu. Alisema hilo ndilo Nasur kwa Kijapani. Sijui. Labda ni jina la samaki.

Mara ya mwisho alipocheza alihifadhi safari yake kwenye nyumba ya wageni, ndani ya gemu. Tangu afariki, mimi huwasha pale ninapomkumbuka. Mtu mdogo mwenye kofia anatokea kando ya kitanda. Simgusi. Namtazama kidogo, nazima. Analala tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua ya alfajiri. Kuku wa jirani wamejazana kwenye baraza langu.

Leo nimewasha, hayupo! Mistari mitatu ya majina, yote mitupu. Nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha. Akatokea.

Nimemwita Dramadri. Akafungua ganda mbele yangu, taratibu, kama anayemenya yai la moto. Akapima.

"Dada Suma, hii betri inapumua na pua moja."

Akanieleza. Mashine ikiwaka, umeme wake ndio unaomshikilia yule mtu. Ukizima, anabaki na betri peke yake. Siku betri ikichoka, ukizima tu, amekwenda. Nikamuuliza kama betri inaweza kubadilishwa. Alisema inawezekana kujaribu, mashine ikiwa inawaka, risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya ubao wenye umeme.

"Umewahi?"

"Mara moja."

"Ikawaje?"

"Ikakufa."

Kisha akatazama sakafu. Nilijua anachokiona. Ubao ule ndio anaoutafuta. Hakuuomba. Afadhali angeomba, ningekataa, tukaendelea na maisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Jua. Upepo wa vumbi jekundu.

Mwalimu Anguyo alikuja kutoa nakala za mitihani, akaona kaseti iko wazi mezani. Uso ukamsawajika. Alinisihi niifunge, niitie kwenye mfuko, nisiiguse tena. Alisema ikibaki nzima na betri yake ya asili, huenda hakuna nyingine kama hiyo upande huu wote.

"Na aliye ndani?" nikauliza.

"Nani iko ndani?"

Nikamwambia hakuna. Nimefunga nakala zake kwa kamba.

Jumapili, 10 Agosti

Koboko. Asubuhi nyeupe, joto lisilo na jua.

Nimekwenda kwa Mama. Kabla hata ya kufika nyumbani nilimwona binamu Latifu sokoni, amevaa koti la Nasur. Viwiko vimepigwa viraka viwili tofauti. Linapita katikati ya magunia ya mihogo kama vile mwenyewe bado yupo na ana haraka.

Baada ya karama ya arobaini, ile dua na chakula cha siku ya arobaini tangu afariki, tuligawa vitu vyake vyote, kama tunavyofanya. Shati kwa huyu, godoro kwa yule, viatu kwa ambaye vilimtosha. Na sharti ni moja: aliyepewa atumie. Kitu cha marehemu kikikaa bure, mwenyewe hapati thawabu huko aliko. Mimi nilipewa kaseti.

Mama alikuwa anasuka barazani, uzi wa zambarau mdomoni. Nikamweleza yote – betri, Dramadri, mwalimu. Alinisikiliza bila kuacha kusuka.

"Huyu mutu ya ndani ya televisheni," akauliza, "sasa anafanya nini?"

"Analala, Mama."

"Tangu wakati ile?"

"Tangu wakati ule."

Akavuta uzi, akaukaza. "Na wewe unaenda unamwangalia tu analala."

Nikaokota uzi ulioanguka.

"Mwanangu, Latifu amemaliza koti. Angalia viwiko. Koti iko inaisha, na ni vizuri. Wewe kitu yako iko mupya."

Hakusema nimpe Dramadri. Hakusema nisimpe. Alinipa tabaga dogo nipeleke Arua, na chini yake vipande vya kisra, mkate wetu mwembamba, bado vya moto. Nimesafiri nalo mapajani. Karibu na Maracha nikagundua ninafanya nini hasa – niko ndani ya gemu yetu, ila kinyume! Nilifunika vizuri kwa kanga. Nilipofika chakula kilikuwa vuguvugu.

Jumatatu, 11 Agosti

Manyunyu, kisha kimya.

Dramadri ameniomba maneno. Watu wa Njia ya Koboko wanasimama tu barabarani, hawana la kusema. Alitaka niandike mistari mifupi, inayoenea kwenye kisanduku cha maneno.

Nimeandika moja kwa moja, bila kufuta. Mzee wa Manibe: Umekunywa chai? Mlinzi wa daraja: Toa kitambulisho. Mkuu wa soko: Mbuzi yangu imepotea, na mimi najua ni nyinyi.

Dramadri alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza nimeyatoa wapi haya. Nikasema kwa mtu mmoja wa Koboko.

Jumatano, 13 Agosti

Mvua tangu asubuhi, ile ya kukaa. Mlima Wati hauonekani.

Hakuna mteja. Nimefunga mlango, nimeweka kaseti, nimewasha. Jina lipo: jembe, kiti, mtu anayeosha miguu. Akasimama kando ya kitanda chake.

Nilishika kidude cha kuchezea muda mrefu. Kisha nikabonyeza upande wa mlango.

Alitembea! Sijui kwa nini nilishangaa. Alitembea kwa ile haraka yake ndogo, akapita meza, akapita mwenye nyumba, akatoka. Nje ni asubuhi. Miti ya mraba, maji ya mraba yanayotikisika mahali pamoja. Miaka yote hii kulikuwa na asubuhi nyuma ya mlango ule, na mimi sikuwahi kuufungua.

Kando ya kisima kuna bibi. Nikamsogeza mpaka kwake, nikabonyeza. Herufi zikajipanga kwenye kisanduku, moja moja, zikangoja.

Hakukuwa na wa kunisomea. Mvua tu juu ya mabati. Nikasoma mwenyewe, kwa sauti nzito: "Huyu anasema, umelala sana."

Nimempigia Dramadri. Nikamwambia kesho asubuhi aje na vifaa vyake vya kuyeyusha risasi. Aliuliza alete betri mpya, au alete gemu ya kuandika juu ya ubao ule. Nikasema alete vyote: kwanza ajaribu betri, na ikishindikana ubao ni wake. Akasema sawa, dada.

Taa imecheza mara moja, ikarudi. Mashine sijaizima. Nilifungua pale mahali pa kuhifadhi, neno la tatu, kama Nasur alivyonionyesha, nikafunga tena bila kuhifadhi. Sijamrudisha kitandani. Nimemwacha barabarani, nje ya kijiji, uso wake umeelekea upande ambao sijui una nini.

Saa kumi na nusu jioni. Usingizi umenishika kama mtoto. Nalala mimi.