Wagiriki wa Marangu

Jumatatu, 11 Novemba

Mama kapiga simu tena. Habari ni ile ile: Krismasi nimlete Kaka Jonas Marangu, kwa hiari au kwa kamba. Miaka minne hajakanyaga nyumbani! Mchaga gani anabaki huku China, Guangzhou, Desemba, wakati wenzake wote wanajazana barabarani kwenda kula mbuzi kwao? Nimemuuliza. Anasema vitambaa havina likizo. Mwongo mkubwa. Kuna kitu anakikwepa, na mimi sitamwacha mpaka apande ndege.

Halafu Alhamisi ni zamu yangu kutoa mada darasani chuoni: kwa nini Wagiriki wa kale walitawanyika ng'ambo. Nimesoma mpaka macho yamevimba — na nina furaha, maana hawa ni sisi kabisa! Nchi yao milima mitupu, mabonde ya kulima kiduchu. Ngano haitoshi, ila mizeituni na mizabibu inakubali miteremkoni. Basi wanapakia mafuta na divai melini, wanarudi na ngano. Vijana wakizidi mashamba, wanatumwa kuanzisha mji kwingine. Kwetu je? Kihamba, shamba la ukoo, kimegawanywa mpaka kimekwisha. Kaka mkubwa kapata chake, kitindamimba wa kiume kaachiwa nyumba, Jonas wa katikati kapewa baraka tu. Akaja huku, soko la Zhongda, kuuza vitambaa.

Jumatano, 13 Novemba

Zhongda, dukani kwa Jonas. Nilitaka kitu cha kutengenezea milima na bahari ya kuonyesha darasani, kanipa mabaki ya kaki na satini ya buluu. Tumeikunjakunja kaki mezani — Ugiriki hiyo! Palipobaki tambarare hapatoshi hata kuweka sahani. Jonas kacheka kama zamani. Kesho atanisaidia kubeba, eti anataka kuona chuo. Huyu asiyefunga duka hata akiumwa!

Alhamisi, 14 Novemba

Uwiii!

Nilianza vizuri. Darasa zima limezunguka Ugiriki yangu, wengine wanapiga picha. Nikanogewa. Nikasema: na kila mwisho wa mwaka waliohama walirudi kwao kusherehekea na wazazi. Mwalimu Luo akauliza nimeisoma wapi. Wapi! Sijaisoma popote. Nilijua tu. Mtu anaondokaje kwao asirudi Desemba?

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasimulia habari za kisiwa cha Thera. Ukame wa miaka, kura ikapigwa kati ya ndugu, waliopatikana wakapelekwa Libya. Wakashindwa, wakarudi. Wenzao wakawatupia mawe pwani wasishuke! Ikabidi wageuze. Wengi wa wahamiaji walibaki huko huko, akasema, wakaoa huko huko.

Mkono ukanyooshwa nyuma. Jonas! Kwa Kichina chake cha sokoni akauliza kama mama zao waliwakubali hao wake. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema waandishi wa zamani hawakuwauliza akina mama.

Alama zangu nzuri tu, pamoja na hiyo Desemba ya kubuni. Njiani nikamwambia Jonas: wewe nani atakutupia mawe? Mama ana mbuzi anakusubiri. Akasoma kwa sauti majina ya vituo vitatu vya metro. Halafu: "Nitafikiria, mdogo wangu." Nikamkumbatia mbele za watu!

Jumamosi, 16 Novemba

AMEKUBALI! Naandika hapa hapa jengo la Tianxiu Dasha, mtaa wa Xiaobei, kwenye kiti cha wakala wa tiketi, Nassor wa Unguja.

Nassor kauliza tiketi ngapi. Nikasema mbili. Jonas akasema tatu. Ya tatu ya nani? Akaanza kukagua viatu vyake. Nassor, mbea yule, akajifanya kompyuta imekwama.

Mlango ukafunguliwa. Dada wa Kichina, nywele fupi, pumzi juu juu kwa kuwahi. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono miwili, akanisalimia: "Shimbonyi, wifi." Kichaga! Kichaga cha Marangu, hapa Xiaobei! Nikapiga kelele hadi wa duka la simu akachungulia. Anaitwa Lifen. Wana mwaka wa tatu pamoja. Kumbe vile vitambaa visivyo na likizo ni yeye! Nimemkumbatia, nimemfinya Jonas, nimemkumbatia tena. Mzuri, na anacheka haraka. Mama je? Mama alisema nimlete Jonas, hakusema nimlete na nani.

Na huyo Mama anapiga sasa hivi, kwa video, kujua kama tumekata tiketi. Simu ni yangu. Jonas ananiangalia mimi. Lifen anajiweka sawa kola. Nassor kaacha kabisa kujifanya anafanya kazi. Inaita —