Mikebe ya Glukosi Niliyokutumia

Chumba Namba 6,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi.
Jumatano, 11 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Salamu nyingi sana. U hali gani, na wifi, na watoto? Huku mgongo wangu haujambo, cherehani ndiyo inayokohoa. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la saruji akufikishie mkononi.

Siwezi kungoja. Ile mikebe miwili ya glukosi niliyokutumia uliponiandikia kwamba umekonda, usiiguse tena. Hata kijiko kimoja! Tangu jana nimepigwa na butwaa.

Unajua sisi wawili tunaomeza dawa za VVU tunavyoogopa kukonda. Wenzetu wakipungua wanasifiwa. Sisi tunakumbuka mwaka ule kabla ya dawa. Basi nilipojipima kwa tepu yangu ya wateja nikakuta kiuno kimepungua inchi nne, nikajua dawa zimegoma. Sikumwambia mtu. Nikaanza kujinenepesha kimya kimya: glukosi asubuhi, soda mchana, chai ya vijiko vitano jioni. Kiu ikizidi, naongeza soda. Nilijiona mjanja kweli.

Jana nikaenda kliniki kuchukua dawa, roho mkononi. Muuguzi akafungua faili, akaniambia virusi havionekani kabisa kwenye damu. Nusura nimkumbatie. Ndipo nikamwambia kiuno kilivyopungua na kiu isiyokatika. Akanitoboa kidole, akatazama kipimo, akatoboa na kingine.

"Mama, kwani unakunywa nini?"

Nikamtajia vyote kwa fahari. Akaweka kalamu chini.

"Una kisukari. Ungechelewa kidogo ungeletwa umebebwa."

Mungu wangu! Miaka kumi na minne nakimbizana na ugonjwa mmoja, kumbe mwingine unanila na mimi ndiye ninayeupikia. Nimejikasirikia mpaka leo nimemshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

Muuguzi anasema sisi tulioishi na VVU miaka mingi tupimwe sukari mara kwa mara, maana umri, damu ya ukoo na hata baadhi ya dawa zetu huongeza hatari. Lakini dawa usiache, nakuomba, ndizo zilizotufikisha hapa. Mimi nimeongezewa tu za sukari. Na damu ya ukoo, Bonge, yangu ndiyo yako.

Wabusu watoto, waambie shangazi anawakumbuka. Mola awe nawe katika kila hatua.

Na wewe wifi, nisikilize. Sukari ikipanda sana hutia macho ukungu. Kama ni wewe unayemsomea barua hii kwa sababu yeye haoni maandishi, iache hapo ilipofika, umpeleke hospitali sasa hivi.

Dada yenu awapendaye mno,
Fundi