Lebo Uliyokataa Kuichora

Dada Skola,

Yule mfanyabiashara wa mbegu amerudi. Yule uliyemfukuza dukani wiki moja kabla lori halijawagonga kwenye mteremko wa kwenda Milepa, wewe na bodaboda wako. Lori lenyewe halijapatikana mpaka leo.

Alinikuta peke yangu hapa Izia, nimewasha kompyuta yako. Akaweka flashi mezani. "Mdogo wangu, kazi ndogo tu. Nichoree lebo kama hii."

Ilikuwa picha ya mfuko wa mbegu za mahindi za watu wengine, kaipiga kwa simu. Nilipoikuza ikawa vidoti vidoti. Siku yangu ya kwanza kwako nilidhani nimeharibu mashine, ukacheka: "Picha ni vidoti, ukiivuta sana inachakaa. Mchoro wa vekta ni mistari, hata uujaze ukuta mzima unabaki safi." Ndiyo maana alinihitaji. Alitaka mchoro safi wa kuchapa mifukoni.

Nisikufiche, dada. Nilianza. Uoga. Nikatafuta fonti inayofanana, ile nene isiyo na vikia kwenye ncha za herufi. Nikapanga maandishi yote yaanzie mstari mmoja kushoto. Jina kubwa juu, maelezo madogo chini, pembeni nafasi tupu ili jicho lipumzike. Yote uliyonifundisha. Na kila nilichokipatia kiliufanya uongo wake uaminike zaidi. Nikaifunga kazi bila kuihifadhi.

Nikamwambia siwezi. Hakufoka. Alichomoa flashi taratibu, akasema, "Mwalimu wako naye alikuwa mbishi." Akatoka.

Kumbe alipata mchoraji kwingine. Juzi baba mdogo kaja na mfuko wenye lebo ile ile kutoka sokoni, kafurahi. Tukaufungua. Mahindi ya kula tu, dada, yamepakwa rangi nyekundu yafanane na mbegu zilizotiwa dawa, na rangi inabaki vidoleni. Baba mdogo alikaa chini. Shamba lake lote limeshalimwa.

Nikampelekea bwana shamba. Kasema taarifa ameipokea, tusubiri. Lakini mawingu yameshaanza kujikusanya, na mzigo uliobaki umeshateremshwa Milepa.

Basi nimechora bango. Mfuko halali na mfuko bandia nimeiweka ubavu kwa ubavu, maana ulisema vitu vinavyohusiana vikae karibu. Neno moja nimelikuza kuliko yote: ANGALIA. Ulisema vyote vikipiga kelele, hakuna kinachosikika. Jeusi juu ya njano, kwa sababu rangi zinazokaribiana humezana, na mzee wa macho hafifu asome nini?

Tangu jana kuna mtu kakaa juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara. Hanunui kitu, hasalimii mtu. Nikifungua dirisha, anainua simu yake. Mama ananisihi nisubiri kwanza misa ya arobaini yako. Nimemwambia, Mama, mbegu haisubiri arobaini.

Nashuka Milepa kesho asubuhi. Naogopa, dada. Laiti ungekuwepo tukashuka wote.

Pumzika kwa amani. Nakuahidi, hakuna mkulima kule atakayefukia mahindi yale kwa sababu mimi nilinyamaza. Chini ya bango nimeweka jina langu kamili na mahali lilipo duka, kwa herufi nene, ili wajue wa kumuuliza.

Yule wa pikipiki naye atalisoma.

Mdogo wako,
Anjela