Karatasi ya Lulu ya Tanga

"Yaani mnasafiri mpaka Tanga kuangalia mashimo?" Salha, ni mume wangu Gaudence huyo, asubuhi hii, anamfokea binti yake.

Lulu alikuwa ameandika vitu vya kuona huko kwenu: mapango ya Amboni, kisiwa cha Toten, kuogelea Raskazone. Baba mwenyewe aliahidi, ukifaulu mtihani tunakwenda. Na mtoto kafaulu!

Akaichana ile karatasi. Lulu akasema tu, "Baba, si uliahidi?"

Akavua mkanda, Salha. Akampiga usoni. Usoni! Chuma cha mkanda kikampasua juu ya jicho, damu mpaka kwenye gauni.

Mimi nilikuwa natwanga karanga. Alipouinua mara ya pili nikamfikia na mchi. Nilimpiga mkononi, nikausikia mfupa. Nikaongeza pigo la begani.

Unajua alisema nini, amekaa sakafuni anaushika mkono? "Evodia, umempiga mume kwa mchi! Kwetu Chamwino unatoa mbuzi kwa wazee."

Mbuzi! Mtoto anavuja damu, yeye anadai mbuzi.

Nikamwambia, "Mchi huo hapo, wapelekee. Na mkanda wako usiusahau."

Nimepita polisi, nimechukua PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali. Lulu kashonwa nyuzi nne.

Sasa hivi tuko ndani ya basi, limeshatoka stendi. Anaunganisha vipande vya karatasi mapajani. Amboni ipo, Raskazone ipo. Kisiwa hakionekani, nadhani kilibaki chini ya kochi.

Tutafutie boti.