Ushindi Niliopewa Msambweni

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba kwa shikamoo yako. Bibi yako hajambo, ila goti lamsumbua. Mama yako anavuna mihogo huku Gazi na anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini vijana wa Ukunda wanajazana kutazama watu wakikabana ndani ya kizimba, na ndondi hawaitaki tena. Swali hilo limenikera, kwa sababu jawabu nalijua na mimi nimo ndani yake.

Ujanani nilipigana ndondi Msambweni na Chirima, mkulima wa Kikoneni. Alinitwanga raundi zote, hata jicho langu moja likafura. Waamuzi wakauinua mkono wangu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumbani! Watu wakazomea. Muuza kahawa mmoja, mzee asiyekosa pambano, akanijia ulingoni.

"Kijana, ni nani aliyeshinda?"

Nikajitia kufungua glavu zangu.

"Basi mimi sirudi tena."

Wallahi hakurudi, na wengi walimfuata. Hadi leo mabondia wanakimbiana, waamuzi wanapendelea, kisha tunakaa vibarazani tukilaumu kizimba! Kizimba kimekosa nini? Mle aliyezidiwa hupiga sakafu kwa kiganja chake mwenyewe kukiri ameshindwa, kila mtu akaona, mambo yakaisha.

Siku ile mzee aliponiuliza, Chirima alikuwa amesimama kando yangu, anatokwa na jasho, ananitazama. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Babu yako